Nilivyopakiwa Pamoja na Tangi la Samaki

Katika maisha yangu nimesafiri kwa lori mara nyingi, lakini mara moja tu nilipakiwa. Nasema nilipakiwa kwa sababu sikupanda kama watu wanavyopanda. Niliingizwa, nikapangwa mahali pangu, halafu kabati likaingia baada yangu.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini, wakati wa hali ya hatari, wakati ambao mtu hawezi kutoka Nakuru kwenda Njoro bila kusimamishwa na kuulizwa yeye ni nani. Nilikuwa na mtoto wangu wa kwanza, wa kiume, hata jino hajaota. Mume wangu alikuwa fundi wa reli, leo yuko huku, kesho yuko Tororo, na barua zake zilikuwa adimu kuliko mshahara wake. Tulikaa Bondeni katika chumba kimoja cha nyumba za manispaa. Mama yangu alikuwa amekuja kunilea uzazi, siku zake arobaini zikaisha, akabaki, nami sikumuuliza atarudi lini kwake.

Kazi yangu ilikuwa Milimani, kwa memsahib mmoja wa Kizungu, mjane. Huyo hakuzaa. Alikuwa na samaki. Sebuleni mwake palikuwa na tangi la kioo ambalo mtu mzima angeweza kulala ndani yake akikunja magoti, na humo waliogelea samaki wadogo wekundu na wa rangi ya dhahabu, mikia yao mirefu ikiwafuata nyuma. Mimi ndiye niliyewabadilishia maji, nikafuta kioo, nikaokota uchafu wao. Sisi Bondeni samaki tunamjua akiwa kwenye sahani, na siku za kwanza nilikuwa nikimsimulia mama mambo hayo tunacheka mpaka majirani wanagonga ukuta. Baadaye niliacha kucheka. Memsahib aliwaita wale samaki kwa majina, na mimi aliniita wewe.

Shida yangu ilikuwa moja, nayo ni kwamba mwanangu hakutaka kitu kingine chochote ila ziwa langu. Uji aliutema. Maziwa ya ng'ombe, hata yakichanganywa na maji na sukari, aliyafungia mdomo kama mzee aliyekosewa heshima. Kwa hiyo kila siku jua likifika kichwani mama alimfunga mgongoni, akapanda naye mlima mpaka mlango wa nyuma wa jikoni, nikamnyonyesha nimekaa juu ya rundo la kuni. Asubuhi nimempa, adhuhuri nimempa, jioni nimempa. Hivyo ndivyo tulivyoishi, na nilijua kabisa kwamba siku moja ikikatika hapo katikati, mtoto huyu hana kitu cha kushika.

Ndipo memsahib akaamua kuhama. Alichoka kulala peke yake na bunduki chini ya mto, akaona afadhali aende kwa kaka yake aliyekuwa na shamba upande wa Londiani. Kaka akaleta lori lake. Lori hilo lilikuwa limeshusha maua makavu ya pareto kiwandani, na lilikuwa linarudi na magunia matupu.

"Wewe nakaa nyuma na tangi," memsahib akaniambia kwa Kiswahili chake cha jikoni. "Shika na mikono mbili. Kama kioo nalia kidogo tu, wewe napigia dereva kelele."

Nikamuuliza, "Na mtoto, memsahib? Naweza kumfunga mgongoni?"

"Hapana toto. Mikono mbili, kazi moja. Jua bado kuanguka, wewe narudi nyumba yako."

Hakuwa akiniomba. Siku zile hakuna aliyeombwa, uliambiwa. Nikampelekea mama habari, mama akasema, "Mnyonyeshe sana alfajiri, uende urudi. Nitamwimbia." Alfajiri nilimnyonyesha mpaka akalala mdomo wazi, maziwa yakimtoka pembeni.

Tangi lile halikuwa la mchezo. Lilikuwa na fremu ya chuma, vioo vinne vilivyoshikiliwa na puti, ule udongo wa kubandikia vioo, na chini yake bamba la jiwe jeusi. Kugongwa halikuogopa sana. Liliogopa kupindwa. Upande mmoja ukiinuka na mwingine ukabaki chini, puti inaachia, kioo kinapasuka chenyewe bila kuguswa. Kwa hiyo lilihitaji mahali laini, na lilihitaji mtu wa kulikumbatia ili likae sawa lori linapoyumba. Mtu huyo ndiye mimi.

Dereva alikuwa mzee wa makamo kutoka huko huko Londiani, mcheshi, meno ya chini hana. Alitandika godoro, juu yake magunia, kando magunia, kila mwanya akaujaza magunia.

"Hii gunia ya pareto ni laini kushinda pamba," akasema. "Na tena, mama, hakuna mdudu itakuuma. Kiroboto ikisikia hii harufu inakufa. Utafika huko kama bibi harusi."

Na kweli, nani asiyeijua pareto? Nyumbani mama alikuwa na mfuko wa unga wake, akiunyunyiza chini ya kitanda kwa ajili ya kunguni. Kwetu sisi ilikuwa dawa, kitu kizuri cha nyumbani, kama chumvi.

Samaki wenyewe walitiwa kwenye mikebe mitatu mikubwa ya maziwa, ile ya wenye ng'ombe. Vifuniko vya chuma vingewanyima hewa, na wazi wazi maji yangemwagika. Memsahib akaagiza kila mdomo wa mkebe ufungwe kwa gunia mojawapo la yale. Alizunguka akikaza kila fundo kwa mikono yake mwenyewe, akiongea na samaki kwa Kiingereza.

Kisha nikaambiwa niingie. Nilikaa kati ya tangi na ubao wa lori, mgongo kwenye ubao, magoti yamefunguka huku na huku, viganja vyangu kwenye kioo. Baada yangu ikaingia meza, ikaingia vitanda, likaingia kabati la nguo ambalo watu wanne walilisukuma huku wakitukanana. Wakafunga kamba. Wakavuta turubai. Nilipoangalia mbele niliona kioo, nyuma ya kioo, kioo kingine, na nyuma yake mgongo wa kabati. Hata kama ningetaka kutoka, ilibidi nyumba nzima ishushwe kwanza.

Mpaka Njoro nilikuwa mtu wa maana. Nililishika tangi, lori likiinama kulia naliegemea, likiinama kushoto nalivuta. Nikajiambia kumbe si kazi ngumu. Baada ya hapo barabara ikaharibika, vumbi la magunia likaanza kuinuka kila gurudumu lilipoanguka shimoni, nikapiga chafya mpaka macho yakavimba. Harufu ya pareto ilinikaa kooni. Sikuweza kujifuta pua. Vumbi lilinishukia kichwani, shingoni, likaingia ndani ya nguo, likatulia juu ya kifua changu kilichoanza kulowa jasho.

Halafu kikalowa kwa kitu kingine. Jua lilipofika kichwani, hata kama silioni, kifua changu kililiona. Maziwa yalikuja kwa saa yake kama kawaida, yakasimama, yakauma, yakaanza kujitokea yenyewe. Nilijua pale Bondeni mama anazunguka chumbani na mtoto, anampiga piga mgongoni, anamwimbia wimbo ule ule. Nilitaka kukamua, ila mikono haikuwa yangu, ilikuwa ya tangi. Nililia. Sioni haya kusema, nililia kwa hasira wala si kwa huzuni, nikiitazama mikebe iliyopangwa kando yangu, samaki humo wamefunikwa, wametulia, wamepewa hata mlezi.

Kupita Elburgon tulisimamishwa. Nilisikia sauti ya askari ikimwambia dereva afungue turubai. Memsahib, aliyekuwa mbele kwenye gari lake dogo, akarudi akipiga kelele kwamba mtu asiguse mali yake. Askari akainua kona ya turubai hata hivyo, akachungulia juu ya kabati.

"Wewe huko ndani! Toka!"

"Siwezi kutoka," nikamjibu. "Nimefungiwa."

"Kabila gani?"

"Mswahili wa Bondeni."

Akanitazama kwa muda kupitia vile vioo viwili. Sijui aliniona vipi, uso wa njano kwa vumbi, kifua kimelowa, mikono nimeinua kwenye kioo kana kwamba nimesalimu amri. Akasema, "Haya, kaa," akashusha turubai. Nikacheka peke yangu. Kana kwamba nilikuwa na la kufanya zaidi ya kukaa.

Baada ya Molo mvua ikatupata. Kwenye mteremko mmoja wa udongo mwekundu lori liliteleza, likaenda ubavu ubavu, likakwama gurudumu moja shimoni. Tangi likaanza kuinuka upande mmoja. Nilisikia puti ikilia, sauti ndogo tu, nikalala juu yake mzima mzima, nikalikandamiza kwa tumbo na kwa kifua chenye maumivu, nikapiga kelele mpaka dereva akazima injini. Walikata matawi, wakaita watu wa shamba la karibu, wakasukuma, wakachimba. Muda wote huo mimi nimelala juu ya kioo. Kila mtu aliyesukuma lile lori aliweza kupumzika, akasimama kando, akavuta sigara. Mimi sikuweza hata kugeuza shingo.

Tulifika jua likiwa bado juu ya miti. Wakashusha vitu, wakanifikia. Dereva alinivuta kwa mikono kwa sababu miguu ilikuwa imekufa ganzi. Memsahib alilizunguka tangi, akapitisha kidole kwenye kila pembe, akainama, akaangalia. Halikuwa na ufa hata mmoja.

"Mzuri," akasema. Alilipiga piga lile tangi kwa kiganja kama mtu anavyompongeza farasi.

Nikamwambia dereva kwa sauti ndogo, "Mzee, tugeuze sasa hivi. Mtoto wangu hajala tangu asubuhi."

"Acha niweke maji tu kwa rejeta," akasema. "Hiyo nusu ya barabara mbaya tutapita na mwanga. Twende."

Kama memsahib angengoja mpaka tuondoke ndipo afungue mikebe, hadithi yangu ingeishia hapo. Alifungua gunia la kwanza, akapiga yowe. Samaki walikuwa juu ya maji, tumbo juu. Mkebe wa pili na wa tatu wachache walikuwa hai, lakini hai gani hiyo, walikuwa wanajizungusha kama waliorukwa na akili, wanagonga kuta. Akawamimina ndani ya tangi lililojazwa maji ya mvua, akawaita majina yao. Walizunguka kidogo, wakalala ubavu, mmoja mmoja, mbele yetu.

Alipoinuka hakuwa analia. "Sumu," akasema. "Nani naweka sumu?"

Miaka ile neno hilo kwa mzungu halikuwa neno dogo. Walikuwa wanalala wakituogopa sisi tunaowapikia. Akamnyang'anya dereva funguo za lori. Akasema hakuna mtu kutoka hapa mpaka kaka yake, bwana wa shamba, arudi, na bwana wa shamba alikuwa kwenye doria, hatarudi mpaka kesho.

Nilimpigia magoti. Sikuwahi kumpigia mzungu magoti kabla ya hapo na sikurudia tena. "Memsahib, mtoto wangu ni mchanga. Hali kitu. Unamjua, anakuja kila siku mlango wa jikoni. Niache niende, nitarudi kesho mwenyewe, unifunge utakavyo."

Akaniangalia kifuani, kwenye nguo iliyokuwa imelowa mpaka kiunoni, akaona kabisa anachokiona. "Na mimi?" akasema. "Hawa ni watoto yangu. Leo nakufa yote."

Nilimchukia. Nimeishi miaka mingi baada ya siku ile, nimewasamehe watu walionifanyia makubwa kuliko hayo, lakini jibu lile bado liko kifuani mwangu na sina mpango wa kulitoa.

Nilifungiwa stoo. Ndani mlikuwa na magunia mengine ya pareto, yaliyojaa, mpaka dari. Nikakaa chini nikakamua, kwa sababu maumivu yalikuwa yamezidi. Mama alinifundisha kwamba maziwa ya kifua hayamwagwi ovyo, sisimizi wakiyanywa kifua kinakauka, kwa hiyo nilitafuta kwanza mahali pasipo na sisimizi. Nikapapasa sakafu, nikapapasa ukutani. Hapakuwa na sisimizi. Hapakuwa na mbu, hapakuwa na buibui, hapakuwa na kiroboto hata wa kunifariji, katika stoo ya shamba, msimu wa mvua. Kila kitu chenye pumzi ndogo kilikuwa kimekufa au kimekimbia.

Hapo ndipo nilipoelewa kuhusu samaki na yale magunia yaliyofunika mikebe yao. Na mara moja, kabla hata sijafurahi kwamba si mimi wala dereva, nikashika nguo yangu. Vumbi lile lile. Lilikuwa kwenye nywele, kwenye shingo, limegandamana na maziwa juu ya ziwa ambalo mwanangu alikuwa analilia. Nikasugua kwa mate. Nikasugua kwa kanga, na kanga yenyewe ilikuwa na vumbi. Wala hapakuwa na maji.

Asubuhi bwana wa shamba alikuja na matope mpaka magotini. Alisimuliwa, akainua lile gunia lililofunika mkebe, akalinusa, akamtazama dada yake, akasema maneno machache kwa Kiingereza, la mwisho lilikuwa pareto. Kisha akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyechoka. Memsahib akageuka akaingia ndani. Hakuniaga, hakuniomba radhi, na tangi lake zima lilikuwa sebuleni limejaa maji matupu.

Safari hii nilikaa mbele. Kila nilipomwuliza dereva tumefika wapi alijibu tu, "Karibu, mama." Nilihesabu kichwani tangu alfajiri ya jana. Nilikwisha kumwona mwanangu amekufa, nikamwona amekufa Molo, nikamwona tena amekufa Elburgon, na Njoro nikaanza kuwaza nitamwambia nini baba yake.

Bondeni nilishuka lori halijasimama vizuri. Lakini sikuenda chumbani, nilikwenda bombani. Ningemgusaje na kile kilichoua mikebe mitatu ya samaki? Nikanyakua karai la mtu, nikaingia bafuni, nikajimwagia, nikajisugua kwa sabuni ya kufulia mpaka ngozi ikawaka, nikajimwagia tena. Na nilipokuwa najimwagia nikatega sikio. Chumba chetu kilikuwa hatua chache tu kutoka pale, na mtoto yule akilia sauti yake ilikuwa inafika barabarani. Sikusikia kitu. Niliita, "Mama!" Hakuna jibu. Nikajifunga kanga ya mtu iliyokuwa kwenye kamba, nikakimbia, maji yakinitiririka.

Mama alikuwa amekaa sakafuni. Juu ya kitanda changu alikaa jirani yetu wa mlango wa pili, mama wa mabinti watatu, wa mwisho akiwa bado ananyonya. Tangu tukosane kwa ajili ya kamba ya kuanikia nguo tulikuwa hatusalimiani, tukipishana tunaangalia pembeni. Blauzi yake ilikuwa wazi, na mwanangu alikuwa ziwani kwake, vidole vimeshika shanga zake.

Mama akasema, "Ulitaka nifanye nini? Jana alilia mpaka sauti ikamkatika. Nikaenda kumgongea huyu mwenyewe, akaja bila kuvaa viatu."

Nilipaswa kumshukuru Mungu, na baadaye nilimshukuru. Lakini neno la kwanza lililonitoka lilikuwa hili, "Amenyonya mara ngapi?"

Kila mwanamke wa kwetu anajua kwa nini nilimwuliza hivyo. Mtoto akinyonya kwa mwanamke mpaka akashiba mara tano, mwanamke huyo amekuwa mama yake. Si kwa adabu wala kwa mapenzi, ni kwa sheria ya dini yetu. Watoto wa mwanamke huyo wanakuwa ndugu wa mtoto, hawaoani milele, na hakuna wa kuifuta.

"Tano zimepita, mwanangu," mama akasema. "Zimepita tangu usiku."

Yule jirani akamtoa mtoto ziwani kwa kidole, taratibu, akamfuta mdomo kwa ncha ya kanga yake.

"Sikuja kukunyang'anya, dada," akasema. "Nilisikia analia. Haya, mpokee mtoto wetu."

Wetu. Miaka yote baada ya hapo mwanangu akiumwa tulikesha wawili, alipooa tulikaa wawili kwenye mkeka wa mama wa bwana harusi, na mpaka leo anapokuja Nakuru nasikia anaita "Mama!" uani, nainuka, kumbe anaita mlango wa pili. Mimi na yule mwanamke hatukuwahi kupendana sana. Hatukuwa na njia ya kuachana, basi.

Nikampokea siku ile. Nikakaa kitandani mahali palipokuwa na joto la mwingine, nikafungua kanga, nikampa ziwa langu lililooshwa, limejaa, linauma. Akalinusa. Akageuza uso, akalala. Alikuwa ameshiba.